Chumba Kisichopumua

Dilruba alisali alasiri kwenye baraza ya kusini ya jengo jipya la chuo, juu ya mkeka wa mafundi, na katika sijda ya mwisho aliomba umeme ukatike.

Hakuona haya kuomba hivyo. Tangu mwezi wa Joishtho, mwezi wa joto kali, uingie, umeme wa mji wa Barishal ulikuwa ukikatika kila siku wenyewe, bila dua ya mtu. Yeye aliomba tu ukatike kwa wakati, Bi Rowshan Ara Talukdar akiwa ameshakaa kwenye kiti. Alitoa salamu kulia na kushoto, akaukunja mkeka, kisha akabaki ameketi kidogo huku upepo wa kusini ukimpapasa shingo.

Upepo ule aliualika yeye. Jengo zima alilifanya jembamba, chumba kimoja tu kwa upana, ili upepo unaotoka bwawani uingie kusini na kutokea kaskazini pasipo kizuizi. Kuta alizijenga kwa matundu, tofali moja likiwekwa, nafasi ya moja ikiachwa. Mapaa aliyatoa nje sana kama kofia za wakulima wa mpunga, ili mvua ikinyesha madirisha yabaki wazi na msichana aendelee kusoma. Chini ya dari aliacha mianya ya kutolea joto. Mafundi wakimaliza kula mchana walijitupa sakafuni popote mle ndani wakalala usingizi wa raha.

Popote, isipokuwa chumba cha mwisho upande wa magharibi.

"Dada msanifu," alisema Fundi Motaleb, msimamizi wa waashi, akija na ndoo yake ya zana. "Kesho tunapiga lipu chumba cha mwenyekiti. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Jengo zima umelipa pumzi, kile chumba umekikaba koo. Kimekukosea nini?"

"Mwenyekiti anahitaji faragha."

"Faragha. Haya. Dirisha moja tu, nalo linatazama jua linapozama. Kusini ukuta mzima, hata tundu la mjusi hakuna."

"Kiti umekiweka?"

"Pale pale ulipochora chaki. Mtu akikaa, jua linampiga usoni kama limetumwa."

"Basi vizuri."

Motaleb alimtazama, akacheka kidogo. "Mimi nina mke, dada. Mwanamke akisema 'basi vizuri' kwa sauti hiyo, mimi huenda kulala kwa kaka yangu."

Dilruba hakucheka. Chumba kile hakukichora kutoka kichwani. Alikichora kutoka sebule ya mama yake mdogo, Kohinur, aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Upana ni ule ule, urefu ni ule ule, na dirisha liko mahali pale pale. Katika sebule ile, miaka sita iliyopita, familia ya Talukdar ilikuja kumtazama.

Kwao Barishal, msichana hutazamwa alasiri. Jua likishuka kuna mwanga wa dhahabu unaoingia kwa muda mfupi, na mwanga huo humfanya hata msichana mweusi ang'ae. Akina mama wameupa jina, mwanga wa kutazamia bibi harusi. Mama mdogo Kohinur aliuhesabia vizuri mwanga ule. Alimkalisha Dilruba mbele ya dirisha la magharibi, akampaka poda, akamfunika sari ya rangi ya embe bivu. Kisha, kwa kuogopa majirani wasichungulie, akafunga madirisha yote ya kusini. Hapo ndipo alipokosea. Wageni walipofika chumba kilikuwa tanuri, umeme ulikuwa umekatika, na jasho lilikuwa linachora mistari kwenye poda.

Bi Rowshan alimwambia asimame, atembee, alegeze nywele. Alimuuliza kama anajua kupika samaki wa ilish. Halafu akachovya leso kwenye glasi ya maji, akamfuta shavu, akaigeuza leso na kuitazama. Pembeni yake aliketi Imtiaz, mwanawe, kijana ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akimwambia Dilruba kwamba mama akishakuona tu, mambo yamekwisha. Imtiaz alikuwa anatazama kikombe chake cha chai.

"Tutaleta habari," alisema Bi Rowshan alipoinuka.

Hawakuleta. Muda mrefu Dilruba aliishi akisikiliza geti.

Sasa geti la chuo ndilo lililolia. Gari jeupe liliingia, na Dilruba akajifunga mtandio vizuri.

Bi Rowshan alipanda ngazi polepole, sari yake nyeupe ya ujane ikiwa haina hata kunjo, kijaluba cha tambuu mkononi. Ardhi ya chuo ilitolewa na marehemu mumewe, na yeye ndiye mwenyekiti wa bodi. Nyuma yake alikuja Imtiaz, katibu wa bodi, akimshikia mwavuli. Katika miezi yote ya ujenzi, yeye na Dilruba walikuwa wakiitana Bwana Katibu na Bi Msanifu, na kati yao daima palikuwa na meza au fundi. Lakini macho hayafuati taratibu za vikao. Kila mara Dilruba alipoinua uso kutoka kwenye ramani, alimkuta amemtazama, na kila mara Imtiaz ndiye aliyeondoa macho kwanza.

"Hujambo, binti," alisema Bi Rowshan. "Nasikia unatoka Dhaka."

"Sijambo, Bi Mkubwa. Karibu. Mimi ni wa hapa hapa Barishal."

"Ahaa. Ndiyo maana uso wako si mgeni. Ukoo gani?"

"Tutafika huko. Kwanza uone chumba chako."

Walipita barazani, na Bi Rowshan akasimama mara mbili kusifu upepo. Alisema tangu akiwa bibi harusi hajasikia upepo mtamu hivyo ndani ya nyumba. Dilruba alishukuru kwa adabu. Kisha akafungua mlango wa mwisho.

Imtiaz aliingia hatua moja akasimama. Alitazama dirisha, akatazama ukuta wa kusini, akatazama kiti. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeitwa jina la utotoni katikati ya soko. Dilruba aliiona hali ile, na moyo wake ukaruka kwa furaha mbaya.

"Kaa, Bi Mkubwa. Kiti hiki nimekupangia mwenyewe."

Bi Rowshan alikaa. Jua la dhahabu likamjaa usoni. Feni ya muda waliyoifunga mafundi ilikuwa ikizunguka juu yake, na Motaleb akaleta chai pamoja na sahani ya roshogolla, vitamutamu vya maziwa. Bi Rowshan alipiga funda moja la chai. Feni ikapunguza mwendo, ikayumba, ikasimama.

"Umeme," alisema Motaleb kutoka mlangoni.

Dilruba alisikia baridi mgongoni ingawa chumba kilikuwa kinachemka. Dua zake nyingine, alizoziomba kwa machozi, zilikuwa bado zinangoja. Hii ilikuwa imejibiwa kabla mkeka haujapoa.

Joto lilikuja kutoka ukutani, kwa sababu ukuta ulikuwa umelinywa jua tangu mchana. Jasho lilimtoka Bi Rowshan kwenye paji la uso, likashuka, na poda aliyojipaka kwa ajili ya joto ikaanza kufanya mistari.

"Chumba hiki kina nini?" aliuliza. "Kule nje upepo, humu ndani moto."

"Kina mwanga mzuri, Bi Mkubwa. Mwanga wa kutazamia bibi harusi." Dilruba alichovya leso nyeupe kwenye glasi ya maji, akampa kwa mikono miwili. "Jifute."

Bi Rowshan alijifuta shavu. Leso ikatoka na poda.

"Igeuze uitazame," alisema Dilruba taratibu. "Ndivyo ulivyoitazama ya kwangu. Nyumbani kwa Kohinur, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha barafu. Nilivaa sari ya rangi ya embe. Ulinifuta kama mtu anayekagua sufuria dukani, ukasema utaleta habari."

Alikuwa ameyasubiri maneno haya miaka sita. Aliyapanga akiwa anafua, akiwa chuoni, akiwa kwenye kivuko akirudi nyumbani wakati wa sikukuu. Sasa alingoja uso ule ubadilike.

Bi Rowshan alikunja kipaji, akijitahidi kwa dhati. "Kohinur," alisema. "Kohinur yupi? Samahani, binti. Mwaka ule tulitazama wasichana wengi sana, na huyu mwanangu hakumtaka hata mmoja. Wote walikuwa wakitokwa jasho." Akamrudishia leso, akainuka. "Chumba hiki mimi hakinifai, nina presha. Nipeni kile cha katikati. Hiki wapeni wasichana wa mwaka wa kwanza wasomee. Wanatoka vijijini, wamezoea joto."

"Mama," alisema Imtiaz.

"Nini?"

Imtiaz alifungua mdomo. Dilruba akamtazama. Ilikuwa nafasi ile ile, imerudi na kiti chake na dirisha lake.

"Nitakufuata baadaye," alisema Imtiaz. "Dereva akurudishe."

Bi Rowshan alishuka ngazi akilalamika kuhusu magoti. Gari lilipoondoka Dilruba alikuwa bado ameshika leso. Alijaribu kumuona yule mama akiteseka, na aliyemuona ni msichana wa mwaka wa kwanza, mweusi kama yeye, ameinamia karatasi ya mtihani ambayo jasho linaidondokea, na ukuta wa kusini umemfungia upepo ambao uko hatua chache tu kutoka kwake. Msichana huyo hakuwa amemfuta mtu yeyote shavu. Kesho lipu ingepigwa, na chumba kingekaa hivyo hata baada ya wote watatu kuzikwa.

"Dilruba," alisema Imtiaz.

"Bi Msanifu."

"Dilruba. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Chumba hiki. Ulipoleta ramani kutoka Dhaka kwa mara ya kwanza. Vyumba vyote vimefunguliwa kusini, kimoja tu kimezibwa. Niliitambua sebule ile kabla hujamaliza kuikunjua karatasi."

"Na ukapitisha?"

"Nikapitisha. Nilidhani utanipa mimi. Nikasema moyoni, kama anataka nikae humu mpaka nistaafu, nitakaa."

Dilruba alicheka, kicheko kisicho na utamu. "Bwana Katibu ni shujaa kweli. Anakaa kimya, ukuta unajengwa, halafu anasema alikuwa anajitoa mhanga. Kimya chako kimenigharimu mara mbili sasa. Mara ya kwanza mimi. Mara ya pili wasichana ambao hata hawajafika."

"Ukuta uliuchora wewe."

"Nilichora mimi. Sijakataa. Usiku ninaposali nitajua la kumwambia Mungu wangu. Wewe utamwambia nini wako?"

Motaleb, ambaye kwa heshima alikuwa amebaki mlangoni ili watu wawili wasiwe peke yao chumbani, alikohoa. "Nikanywe chai?"

"Hapana, kaka. Huu ukuta wa kusini, nguzo ndizo zinazobeba, si matofali?"

"Nguzo. Hili tofali limesimama tu kukuudhi."

"Lete nyundo na tindo. Tunatoa matofali, moja tunaacha, moja tunatoa, mpaka juu."

"Leo?"

"Kabla sijaingiwa na shetani mwingine."

Motaleb alileta. Imtiaz alimpokea nyundo kabla Dilruba hajanyoosha mkono, akavua saa na kukunja mikono ya shati. Alianza vibaya. Tindo lilimteleza, akajigonga kidole, akasema neno ambalo katibu wa bodi hasemi. Motaleb alimfundisha kulenga chokaa na kuliacha tofali. La kwanza lilipotoka, mchirizi wa upepo uliingia na kuichezea sari ya Dilruba chini kabisa, karibu na vifundo vya miguu. Alirudi nyuma kana kwamba ameguswa.

"Bodi inakutana Jumamosi," alisema Imtiaz akiendelea kugonga. "Watauliza kwa nini ukuta umevunjwa. Jina lako litachafuka. Sema katibu ndiye aliyeagiza uzibwe. Nitakubali."

"Sitaki."

"Nakusaidia, wewe."

"Hunisaidii, unajificha tena, safari hii nyuma ya wema. Jumamosi mimi nitasimama niseme nilizuia upepo kwa makusudi, na kwamba nimeurudisha. Wakinifukuza, wanifukuze. Halafu utasimama wewe, mama yako akiwa palepale mbele yako, useme kwa nini msanifu alikuwa na hasira na chumba. Useme ulinipenda. Useme ulikuja kwetu na ukatazama kikombe."

Nyundo ilisimama.

"Mbele ya bodi nzima?"

"Mimi nilitazamwa mbele ya shangazi zako wanne, mjomba wako na dereva."

Imtiaz alirudi kugonga, na tofali baada ya tofali chumba kikaanza kupata pumzi. Dari nayo ikaachia joto, karatasi za ramani zikainuka pembe. Vumbi jekundu lilimjaa usoni na kwenye nywele. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kimo kile kinachopendwa na akina mama, na ukuta wote ulikuwa wa rangi ya asali.

"Tosha," alisema Dilruba. "Kaa kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Kipo kimoja tu. Kaa. Uso juu, mwanga ukufikie."

Imtiaz alielewa. Alikaa, magoti pamoja, mikono mapajani. Motaleb aliegemea mlango, macho yakimmeremeta.

"Jina lako?"

"Unalijua, Dilruba."

"Anayetazamwa hajibu hivyo."

"Imtiaz Talukdar."

"Unajua kupika?"

"Mayai."

"Ilish?"

"Nitajifunza."

"Simama. Tembea mpaka dirishani urudi."

Alitembea, akarudi kukaa. Motaleb akasema, "Mwangalie vizuri, dada, mguu wa kushoto anauburuta. Hawa wakishafika nyumbani ndipo unagundua."

"Nimejigonga na tofali," alisema Imtiaz.

"Mwali anajitetea," alisema Motaleb. "Hana adabu."

Dilruba aliubana mdomo usimsaliti. Aliichovya leso majini, akamsogelea, akamfuta shavu kutoka sikioni hadi kidevuni. Tangu ujenzi uanze hakuwahi kuwa karibu naye hivi. Aliliona kovu dogo la nyusi alilolisahau, na akakasirika kwamba kumbe hakulisahau. Akaigeuza leso. Ilikuwa nyekundu kwa vumbi la tofali.

"Rangi inatoka," alisema.

"Wote waliotazamwa baada yako niliwakataa," alisema Imtiaz kwa sauti ya chini. "Mama alidhani nina kiburi. Nilikuwa sina kitu. Siku ile niliogopa. Baba alikuwa amekufa mwaka ule, na mama alikuwa bado hali wala halali vizuri. Nikajiambia, nikimpinga leo nitamuua. Kesho yake nikajiambia kesho. Kisha aibu ikawa kubwa kuliko njia ya kuja kwenu."

"Njia ya kuja kwetu ni dakika kumi kwa rikshaw."

"Najua. Niliipita mara nyingi. Sikuwahi kusema simama."

Upepo wa bwawani uliingia kwa matundu yote sasa, ukamfikia mgongoni. Dilruba aliutamani uso ule uliokuwa mbele yake, na aliutaka pia uteseke, na hakuona kwa nini achague moja jioni ile.

"Jumamosi utaogopa?"

"Nitaogopa sana."

"Na utasema?"

"Nitasema."

Alimtazama mpaka yeye, kwa mara ya kwanza tangu ujenzi uanze, akashindwa kuondoa macho. Kisha Dilruba akaikunja leso, akaitia mkobani pamoja na ramani, akavaa viatu mlangoni.

"Dilruba. Na mimi jibu langu?"

Aligeuka. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke aliyevaa sari nyeupe isiyo na kunjo.

"Tutaleta habari."

Alishuka ngazi bila haraka. Kwenye uwanja alinyanyua macho akatazama dirisha la magharibi. Jua lilikuwa bado limemkalia Imtiaz usoni, na alikuwa hajakisogeza kiti.